Uji wa Baba Ubaoni

Juzi nilikuwa shule moja karibu na Mbumbuni, nikimngoja mwalimu mkuu kando ya dirisha la darasa la kwanza. Mzazi mmoja alisimama mlangoni, kofia mkononi, akimlalamikia mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, huyu wangu hasomi. Kila siku anasema mmeshinda mkipiga hadithi."

"Karibu ndani, mzee. Tunaandika habari za nyumbani. Leo ni zamu ya wako."

Binti yake akasimama. "Mama yuko hospitali na mtoto mchanga. Baba amepika uji."

Darasa likacheka, maana kwetu mwanamume na sufuria hawajuani. Baba akatazama viatu vyake.

"Tuandike hiyo ya uji," mwalimu akasema. "Baba inaanza na sauti gani?"

"Bbb," wakajibu wote. Mmoja akapewa chaki, akaandika ba ubaoni, akampa mwenzake. Chaki ikazunguka dawati hadi dawati, kila mtoto akitamka sauti yake kabla ya kuiandika. Kisha mwalimu akapitisha fimbo chini ya maneno, nao wakasoma kwa sauti iliyofika barabarani: Baba amepika uji.

Mzee akavaa kofia. "Mwalimu, nimekubali, wanajua kusoma. Sasa futa."

Mwalimu akafuta. Sijawahi kuona mzazi akiridhika haraka hivyo.

Jioni nikielekea sokoni niliwakuta watoto wale wale wamechuchumaa njiani na vijiti, wakiandika mchangani. Nilipita kando, nisikanyage uji wa mtu.