Bibi Harusi wa Nyumba Ile

Nyumba ile ya Magoudjou, mtaa wetu hapa Moroni, mama yangu alianza kunijengea nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Ndivyo kwetu: mwanamke ndiye mwenye nyumba, mwanamume huingia na sanduku lake la nguo. Mume wangu naye aliingia na sanduku. Kisha siku moja akaenda ofisi ya ardhi, akakaa na karani rafiki yake, wakaiandika nyumba kwa jina lake. Akanipa talaka, akanitoa nje. Sijamsamehe, na mtu asiniombe.

Ulikuwa wakati wa mamluki. Wazungu wenye bunduki walipita na magari yao, sisi tukitazama chini. Nilipowaambia kaka zangu kwamba nataka itungwe sheria inirudishie nyumba, walinicheka.

"Sheria? Nchi inaendeshwa kwa mtutu, wewe unatafuta sheria!"

Waoga wakubwa, wote.

Lakini Bunge lilikuwepo, na mbunge wetu alikuwa anajiandaa kwa harusi kubwa, ile ambayo mwanamume asipoifanya hana kauli mbele ya wakubwa wa mji, hata kichwa kijae mvi. Harusi hiyo hupikwa na wanawake wa mtaa, huimbwa na wanawake wa mtaa. Nikazunguka mlango kwa mlango: hatupiki, hatuimbi. Walikubali upesi kuliko nilivyotarajia, maana kila mmoja alikuwa na mume, na ofisi ya ardhi haikuwa mbali.

Mama yake mbunge akaja analia. "Wanangu, mtamwaibisha mtoto wangu mbele ya Moroni nzima?"

"Ndiyo, bibi," nikamjibu. "Kwanza anyooshe mkono Bungeni."

Mbunge akasema yeye hana neno, ila wenzake wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, watapinga. Nikavuka bahari, nikitapika njia nzima. Wanawake wa kule, wamejitanda shiromani zao, walinisikiliza kichochoroni huku wakicheka matamshi yangu.

"Huko kwenu Ngazija mmelala hata mkaibiwa nyumba?" mmoja akaniuliza kwa dharau.

Nikamwambia aende ofisini akaulize yake imeandikwa jina la nani. Akaenda. Alirudi amenuna, na tangu siku hiyo mbunge wao hakupata chakula cha moto kwa mkewe wala kwa dada zake.

Maneno ya sheria tuliyatunga wenyewe, tumekaa mkekani kwa jirani. Yalikuwa machache: nyumba inayofungiwa ndoa ni mali ya bibi harusi, na iandikwe kwa jina lake, hata kama ilishaandikwa kwa la mume. Tulitaka kuongeza nini? Hatukuwahi kumwona bibi harusi anayeolewa katika nyumba isiyo ya kwao. Na bibi harusi wa nyumba ile nilikuwa mimi.

Sheria ikapita. Redio ilipotangaza tulipiga vigelegele, tukawasha moto, tukampikia mbunge kwa siku zote za harusi yake. Nilikoroga masufuria yale kwa furaha, mjinga mimi, badala ya kukimbilia ofisini.

Mume wangu hakuwa amelala. Nikiwa bado jikoni, alioa mwanamke mmoja katika wale wakimbizi wa kwetu waliofukuzwa Majunga, ng'ambo ya bahari, hana mama, hana nyumba. Ndoa wakaifungia sebuleni kwangu. Alidhani maskini yule atakuwa jina tu kwenye karatasi, naye ataendelea kuwa bwana mwenye nyumba.

Nilipofika ofisini hatimaye, karani alinitazama juu mpaka chini.

"Bibi harusi wa nyumba hiyo alikuwa hapa jana," akasema. "Imeshaandikwa jina lake."

"Bibi harusi ni mimi!"

"Wewe umeachwa, mama. Sheria yenyewe mmeitaka ninyi."

Nilimtukana mpaka wakanitoa. Nikamchukia karani, nikamchukia mbunge, nikamchukia zaidi yule mwanamke, ambaye hajanikosea kitu.

Mwaka haukuisha, wakagombana. Mwanamke akamtoa mume nje na sanduku lake, na kadhi akampa haki mwanamke kwa sheria yetu. Jirani akaja mbio kuniita nikashuhudie. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikamwona mume wangu amelibeba sanduku kichwani, jasho linamtoka. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa chuki yangu yote, nimejiandaa kucheka. Kisha yule mwanamke akaufunga mlango wa mama yangu, nikasikia ufunguo ukizunguka kwa ndani.