Duara Halina Staringi

Iko siku moja ya masika, mjukuu wangu, haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa msichana, nawapikia wachimbaji wa dhahabu kule Saza, na kaka yangu Elia alikuwa mmoja wao. Elia akipata nafasi tu, mbio banda la video. Akirudi anatembea katanua mabega, kitambaa kichwani, anaongea kama staringi, yule wa kwenye mkanda asiyekufa.

Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna aliyeshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, mpaka Mzee Simbeye, mkubwa wa pale, atangulie kugonga magogo yanayozuia udongo, asikilize yanavyolia. Siku hiyo Elia akachoka kusubiri. Akashika kamba ya kushukia.

"We Elia, rudi hapa!"

"Mzee, staringi hafi!"

Wenzake wakacheka, wakampigia makofi.

"Staringi wako akianguka anainuka, wanarekodi upya," mzee akasema. "Wewe tutakuchimbua."

Elia akamkonyeza, akateremka. Tukasikia magogo yanalia, kisha udongo. Tulipomtoa, mama alikatazwa kumfunua uso.

Sasa wewe, mjukuu wangu, jana ulikuja hapa Chapwa na simu yako. "Bibi, ona nilivyotrendi!" Nikaangalia. Uko ndani ya duara hukohuko Saza, unakochimba na wewe, unacheza, watu wanakumiminia mioyo. Ulikuwa unanitazama nicheke. Mimi niliona gogo nyuma ya bega lako, limepinda, linachuruzika maji.

Muziki sikukatazi. Kwaya ikiimba na mimi nachezesha mabega, uzee huu huu. Ninachoogopa ni kwamba hiyo simu imekufundisha kuwa kila mahali ni pa kuchezea, na anayeshangiliwa haumii. Hao wa mioyo hawajui hata jina la mama yako. Ukifukiwa, watapitisha kidole, watamwangalia mwingine.

Kwa hiyo nisikilize. Usishuke kabla magogo hayajagongwa. Simu iache juu. Mkubwa wa pale akikuita, rudi, hata wenzako wakikucheka; kuchekwa hakujaua mtu. Na kama lile gogo halijabadilishwa, usiende kabisa. Njoo tupalilie mahindi.

Mungu akutoe shimoni kila jioni kwa miguu yako mwenyewe. Akuzeeshe, mjukuu wangu, mpaka na wewe uwachoshe wajukuu kwa maneno. Amina.