Mswaki Uliofukizwa Udi

Baba alipopigwa na kiharusi mkono wake wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito, lakini kilichomdhalilisha zaidi ni kinywa. Alikuwa mtu wa kupiga mswaki kabla ya kila swala. Sasa chakula kilimbakia shavuni bila yeye kuhisi, na kinywa kikaanza kunuka. Alijua. Mama akimkaribia aligeukia ukutani na kujifunika mdomo kwa pembe ya shuka. Walikuwa wamelala kitanda kimoja tangu ujana wao, na sasa mama alitandika mkeka sebuleni kwa sababu mumewe hakutaka asogee. Jambo hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Nilijaribu kumswakisha kwa mswaki wa kawaida. Mkono wangu mzito, fizi zikatoka damu, na kwa kuwa alikuwa akinywa dawa za kuzuia damu isigande, haikukatika upesi. Daktari wa meno akashauri mswaki wa umeme wenye nyuzi laini. Kaka yangu anayefanya kazi Mombasa akaununua, ukavuka mpaka wa Horohoro ndani ya begi la jirani yetu wa hapa Chumbageni, pamoja na kichwa kimoja cha akiba.

Masharti nikayashika. Unauweka jinoni kwanza ndipo unauwasha, la sivyo dawa ya meno inarukia mpaka kwenye chandarua. Huukandamizi, unausogeza tu. Ukimaliza unachomoa kichwa, unakisuuza kwa maji yanayotiririka, unaufuta mpini, unavisimamisha vikauke. Chaja iliyokuwa msalani karibu na pipa la maji niliihamishia chumbani, nikamwambia mama asiiguse kwa mikono mibichi. Mama akaitikia kila neno. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, maana mama yangu si mtu wa kuambiwa akaitikia.

Haikupita wiki, asubuhi moja nikakuta nyuzi zimejikunja na kugandana. Nikazigusa kwa kidole, zachoma kama miba. Zingeingia kinywani mwa baba, ingekuwa damu tupu. Na mswaki wenyewe ulikuwa ukinukia udi.

Kwetu nguo ya kutokea hufukizwa, mtungi wa maji hufukizwa, hata bilauri ya mgeni. Mama alikuwa ameushikilia mswaki juu ya chetezo chenye makaa, kama afanyavyo kwa kila chombo anachokiheshimu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia ile ni plastiki, si kanzu, na kwamba nusura amchane mtu fizi kwa manukato.

"Wanigombeza bure, mwanangu," akasema bila kuinua sauti. "Babako aona haya na kinywa chake. Miye nalitaka kinukie, anigeukie."

Hasira zikaniishia palepale. Nilikuwa nimeshughulika na meno, mama alikuwa akimtafuta mumewe.

Nikatia kichwa cha akiba. Nikamshikisha mama mpini, nikauweka mkono wangu juu ya wake ili asikie uzito unaotakiwa, tukamwendea baba kitandani. Akageukia ukutani kama kawaida yake, shuka mdomoni.

"Ni miye mkeo," mama akamwambia. "Leo wanionea haya miye?"

Baba akailegeza shuka. Kisha akageuka, akafungua kinywa.

Nikauondoa mkono wangu. Mkono wa mama ulikuwa mwepesi kuliko wangu, na alisafisha lile shavu lililokufa ganzi kwa subira ambayo mimi sijajaliwa. Baba akatema kwenye bakuli, akasukutua. Damu haikuwemo. Mama alipotaka kuinuka, baba akamshika upindo wa kanga kwa mkono wake mzima.

"Kaa," akasema, kwa ulimi ule mzito.

Mama akakaa. Nikatoka na mswaki kwenda kuusuuza, nikafungulia bomba kwa nguvu na kulia, wasinisikie. Mkeka wa sebuleni haukutandikwa tena. Baba hakufika mwisho wa masika, lakini siku zote zilizobaki alilala amemwelekea mkewe.