Pizza ya Kabichi na Msalaba wa Kaswera

Kaswera alidharau vitu vingi, na alianza na sisi. Wali wetu alisema ni chakula cha kuku. Jiko letu la gesi hakuligusa miaka mitatu mizima, akapika kwenye sigiri yake ya makaa nyuma ya nyumba. Siku aliyofika kuwa mpishi kwa kaka yangu Wahab, hapa Bwera mpakani, alikuwa na begi moja, rozari shingoni, na ndoo nyeupe yenye mfuniko. Alitoka upande wa Butembo, Kongo, ambako alikuwa amemzika mume na kuacha duka la vitambaa likiungua. Mtu mwingine angeingia kwa unyenyekevu kidogo. Yeye alipitisha kidole kwenye sufuria zangu, akakitazama kile kidole, akauliza majivu ya kusugulia yako wapi.

Mimi ni Nasifah, dada yake Wahab. Ndoa yangu ya Muhokya ilinishinda, nikarudi kwa kaka, na tangu mkewe afariki nyumba iko mikononi mwangu. Nilimdharau Kaswera siku ile ile ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha. Mkimbizi ana haki ya kula na kulala. Haki ya kuringa sijui aliipata wapi. Aliniita "madamu", na alilitamka neno hilo kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Katika ile ndoo aliweka unga wake wa muhogo. Kila jioni, akishatupikia sisi, alisonga mwenyewe fufu yake, ule ugali wa muhogo wa kwao, na kuila peke yake jikoni, kwa sababu kwake mtu ambaye hajala fufu hajala kitu. Kisha aliusawazisha unga uliobaki kwa kiganja, akachora msalaba juu yake kwa kidole, akafunika. Kwao hufanya hivyo ili mwizi akichota ajulikane, maana mchoro utaharibika. Niliposikia hivyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani katika nyumba yenye malori mawili angeiba unga wa muhogo?

Sasa huyo kaka yangu. Wahab ni msafirishaji. Hubeba kahawa ya Kyarumba na mbao, na lori moja huendesha mwenyewe kwa sababu haamini dereva yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Alikuwa na tumbo ambalo yeye aliliita heshima. Kila Jumamosi alirudi kutoka Kasese na katoni la pizza, amelipakata mapajani kama mtoto mchanga, akalifungua sebuleni madirisha yakiwa wazi ili majirani wajue. Mimi nilionja mara moja. Ni mkate uliomwagiwa nyanya, na jibini inayovutika kama gundi. Lakini mwanaume akishaona wazungu wanakula kitu hotelini, hata kama kitu chenyewe ni takataka, basi.

Halafu akapata kidonda kwenye kidole kikubwa cha mguu wa kulia. Kandambili ilimkata na hakuhisi. Siku ya tisa nilipoona anaacha alama ya unyevu sakafuni ndipo nilipomlazimisha kwenda kliniki Kasese. Daktari alimpima, akamwambia ana sukari, tena ya siku nyingi, na kwamba kidonda kile hakitapona damu ikiwa tamu namna ile. Alimpa dawa na mwezi mmoja. Sukari ikishuka, kidole kitapona. Isiposhuka, kitakatwa, na hakuna ajuaye kisu kitasimama wapi. Dereva bila mguu wa kulia ni mzigo tu, na Wahab alilijua hilo kuliko sisi sote.

Aliambiwa aache soda, wali, matoke, chapati, na vyote vya unga. Alikubali vyote isipokuwa pizza. Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe alikaa kitandani akasema afadhali afe. Nilimwambia kufa si kazi ngumu, angojee tu kidogo.

Binti yake Hamidah, anayesomea uuguzi Kampala, ndiye aliyenitumia video moja ya pizza kwenye simu. Kijana mmoja mwenye ndevu zilizochanwa vizuri alikuna koliflawa, akaikamua kwa taulo, akachanganya na yai na jibini, akaitandaza, akaioka, halafu juu yake akaweka nyanya. Hamidah akaeleza kwa simu kwamba mkate ule wa chini hauna gluteni, yaani kile kitu cha ngano kinachofanya donge livutike, na pia hauna wanga wa kugeuka sukari mwilini. Alisema mambo mawili. Mimi nilisikia moja: hakuna ngano. La pili lilipita sikioni kwangu kama gari lisilo langu.

Kaswera aliitazama ile video akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Ule kijana hajapikia mutu ya njala hata siku moja," alisema, akanirudishia simu.

Koliflawa hapa Bwera hatuna. Tulitumia kabichi zinazoteremka kutoka milimani vichwani mwa akina mama. Kaswera alikuna kabichi moja kubwa kwa hasira, akaikamua mara moja kwenye kitambaa kama mtu anayefua soksi, akavunja mayai mawili, akatia jibini na chumvi, akakoroga, kisha akaninyooshea bakuli na kwenda kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Kutandaza kwenye sinia hakutaka. Alisema jina lake halitaingia mle. Mimi nikatandaza, yeye akaweka makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Kilichotoka kilikuwa uji wa kijani kibichi wenye kingo zilizoungua. Wahab alipojaribu kuinua kipande kilimwagika mapajani mwake. Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu alilisukuma sinia kwa kidole kimoja, akamwambia dereva wake amletee pizza ya kweli kutoka Kasese.

Hapo ndipo nilipofanya nilichofanya, na nakisema waziwazi. Siku iliyofuata, Kaswera alipokwisha kuniachia bakuli na kwenda kupepea makaa, nilifunua ndoo yake, nikachota konzi mbili za unga wa muhogo, nikazikorogea mle. Muhogo si ngano. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tena nilifurahi moyoni, kwa sababu mkono wangu ungekiokoa chakula ambacho mkono wake wa kiburi umeshindwa. Kisha nikausawazisha unga kwa kiganja, na mimi, binti wa Kiislamu, mjukuu wa sheikh, nikachora msalaba.

Mkate wa chini ulishikana vizuri kabisa. Ulikauka kingo, ukawa na rangi, ukakatika kwa kisu. Wahab alikula sinia zima, akajifuta masharubu, akasema hii ndiyo pizza. Kaswera alisimama mlangoni akilisikia hilo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nilimwona akiwa na uso wa mtu aliyesifiwa. Kesho yake alikuna kabichi akiimba wimbo wa kanisani. Mwanamke aliyeshika unga wa muhogo tangu utotoni alidhani kabichi imeshikana kwa ufundi wake. Nilimcheka kimoyomoyo kila siku kwa wiki tatu. Kila siku nilichota konzi mbili, na kila siku nikachora.

Wahab naye akaanza kujigamba. Madereva pale mpakani walihubiriwa habari za kabichi. Alimwambia muuza chapati usoni kwamba yeye ni muuaji. Jibini, nyanya, vitunguu, vyote alivisimamia mwenyewe, na katoni la zamani la Kasese alilihifadhi ili pizza yetu ikae ndani yake. Kidonda kilikuwa kinazidi kunuka kidogo, lakini alisema ni dawa inafanya kazi.

Mwezi ulipokwisha alikwenda kliniki na kipande cha pizza kimefungwa kwenye karatasi, ili daktari ajifunze. Alivyonisimulia baadaye, daktari alipima damu mara mbili, akauliza anakula nini. Wahab akafungua karatasi kwa fahari. Daktari ni mtoto wa shamba wa kule Bugoye. Alimega, akatafuna kidogo, akatema kwenye kiganja chake na kusema humu mna muhogo. Akamweleza kwamba muhogo kweli hauna ngano ndani yake, lakini kwa mwenye sukari ni sawa na kumlisha mkate, pengine hata mbaya zaidi. Kisha akakitazama kidole, akaandika tarehe ya kukikata.

Alirudi saa nane mchana. Nilikuwa nakunja nguo sebuleni. Hakunisalimia. Alimwita Kaswera, akamtupia kile kipande miguuni, akamwambia ni mtu mmoja tu katika nyumba hii anayekula muhogo, na mtu huyo afunge begi lake.

"Wewe mama, mimi nilikupa nyumba," alisema. "Wewe unakata mguu yangu."

Nilikuwa nimeshika kanzu yake, mkono mmoja ndani ya mkono wa kanzu. Ningeweza kusema wakati ule. Nilihesabu mishono. Niliwaza kwamba Kaswera ataondoka, atapata jikoni kwingine, watu wa namna yake hupata, na mimi nitabaki na kaka yangu. Ndiyo, niliwaza hivyo, na mtu akitaka kunidharau aanzie hapo.

Kaswera aliokota kile kipande, akakivunja, akakinusa, akakionja. Uso wake ulibadilika polepole. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba pizza aliyoiimbia haikuwa yake. Alikwenda jikoni, akarudi na ndoo, akaiweka mezani mbele ya Wahab na kufunua. Asubuhi ile nilikuwa nimeshachota na kuchora, kama kawaida.

"Patron, angalia," alisema. "Musalaba ya Bakatoliki iko na muguu murefu. Hii haina muguu."

Wahab aliangalia. Nami niliangalia, na ni kweli: msalaba wangu ulikuwa na pande nne sawasawa, kama alama ya kujumlisha kwenye daftari la shule. Wiki tatu nilichora hivyo na sikuwahi kujua kuna namna nyingine. Wahab jikoni haingii. Mkatoliki ni mmoja. Aliyebaki ni mimi, na kanzu yake ilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikasema. Niliwaambia konzi mbili, kila siku, tangu lini na kwa nini, na sababu ilipotoka mdomoni ilionekana ndogo kiasi kwamba niliirudia, nikidhani nimeisema vibaya. Wahab hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa na kuanza kuufungua mguu wake bandeji, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu ndani.

Nilimgeukia Kaswera, maana hasira ilikuwa imebaki bila pa kwenda. Nilimuuliza kama aliuona ule msalaba wa uongo tangu mwanzo, mbona hakusema hata siku moja. Yeye asiyeacha sufuria ipite bila neno.

Aliufunika unga wake kwanza.

"Nilikuwa nazani uko na njala, mama," alisema. "Nikazani unasikia haya ya kuomba. Ju ya ile nilinyamaza."

Hakuniita madamu. Na hakusema kwa ubaya. Ningeujua ubaya wake popote. Wiki tatu nilipokuwa namcheka, yeye alikuwa akiniona mwanamke aliyeachwa, asiye na chake, anayeiba unga wa mkimbizi ale kwa siri. Na nikakumbuka kwamba alikuwa akiuacha mfuniko ukiwa haujabanwa sana, ili nisipate shida kufungua.

Kidole kilikatwa Jumatano. Kisu kilisimama hapo hapo, kwenye kidole, na daktari akatupa mwezi mwingine.

Kaswera hakuondoka. Alikuwa na jambo la kumaliza na ile kabichi. Alitafuta kigunia chake cha zamani, cha aina ambayo kwao hukandamizia muhogo uliolowekwa, akatia humo kabichi iliyokunwa na kuchanganywa na chumvi, akaifunga, akaweka juu yake jiwe la kusagia ambalo mimi nilikuwa nalitumia kuzuia mlango. Tangu asubuhi mpaka adhuhuri maji yalitiririka uani. Kilichobaki mle kilikuwa kikavu kiasi cha kuvunjika vidoleni. Yai moja, jibini kidogo, basi. Safari hii alitandaza mwenyewe. Pizza ilitoka imeshikana, bila chembe ya unga, na Kaswera alimtazama Wahab akitafuna mpaka kipande cha mwisho, kisha akasema bado ni chakula cha sungura. Sukari imeanza kushuka. Kaka yangu amerudi kwenye usukani wa lori, akikanyagia vidole vinne.

Kazi ya kukuna kabichi sasa ni yangu. Na kila jioni Kaswera anaposonga fufu yake, humega donge moja, huliweka kwenye sahani na kuifunika kwa sahani nyingine, huiacha karibu na ndoo. Nilimwambia mara mbili kwamba sina njaa na sikuwahi kuwa nayo. Aliitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mtu mwenye haya.

Mara ya tatu nilikula.