Mwopoa Takataka Anayewajua Bata kwa Kelele Zao

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu kumi na mmoja wenye darubini shingoni wamesimama ukingoni mwa bwawa la majitaka. Wawili wameziba pua. Mbele yao yupo mwanamke mwenye buti za mpira na wavu wa mpini mrefu.

"Msihangaike na kutazama," anawaambia. "Wasikilizeni bata. Wakinyamaza, inueni macho juu."

Wenzake humwita Mama Bata. Ana miaka hamsini na minne, na kwa miaka kumi na tisa ameopoa mifuko na matambara humu. Pia huwahesabu ndege, ingawa hakutumwa na mtu.

"Mume wangu alipofariki, nyumbani kimya, kazini kimya," anasema. "Nikaona hawa wana maneno mengi, acha niwasikilize."

Ghafla bata wananyamaza. Ndege mmoja anazunguka juu.

"Mwewe!" anasema kiongozi wa msafara, mwalimu mstaafu.

"Samahani, mwalimu. Mwewe mkia wake una panda, umegawanyika mara mbili. Huyo ni kozi."

Kabla Mama Bata hajamaliza kusema, kozi anakunja mabawa na kuporomoka. Bata aliyelengwa anapiga mbizi. Kozi anapita juu ya maji, kucha tupu, na watazamaji wote wanashusha pumzi.

Mwalimu anapiga mstari juu ya neno "mwewe" aliloandika daftarini. "Leo mwanafunzi ni mimi, dada yangu."

Zamani hakuna aliyemsikiliza Mama Bata. Miaka mitatu iliyopita alimweleza msimamizi wake wa kazi kuwa bata wamepungua kutoka mia nne hadi sitini ndani ya wiki moja.

"Akaniuliza, kwani wewe umeajiriwa kufuga?" anakumbuka, akicheka.

Hakukata tamaa. Siku yake ya mapumziko alifuata mtaro unaoingia bwawani hatua kwa hatua, akakuta bomba lililopasuka likimwaga mafuta machafu. Bomba likazibwa, na baada ya miezi miwili bata wakarudi. Msimamizi yuleyule ndiye aliyewaalika watazamaji hawa mara ya kwanza.

Lakini Mama Bata hajawahi kuona ndege wa majini popote pengine. Mwezi ujao kundi linakwenda ziwani kwa siku mbili, naye ameshaomba likizo.

"Mwalimu anasema wakihama hapa wanakwenda huko," anasema, akitumbukiza wavu majini. "Miaka yote hii wamekuwa wageni wangu. Sasa na mimi nataka nikapige hodi kwao."