Jua Lililokuwa Ndani ya Dagaa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na ningekuwa na uwezo wa kuisahau, ningeisahau. Ilikuwa miaka ya tisini. Ukame ulikuwa umetumalizia mbuzi, tukahama kutoka Lafey hadi kandokando ya kambi ya wakimbizi ya Ifo. Nilikuwa na binti wa miaka miwili, Hodan. Alizoea maziwa, na maziwa yalipokwisha, uji mtupu ukamshinda. Akawa anakonda huku namwangalia.

Jirani yetu alikuwa mkimbizi, mzee wa Kibajuni kutoka visiwa vya Kismayu. Asubuhi moja alikuja na kikombe cha dagaa wakavu.

"Watwange, binti, uwatie kwenye uji wa mtoto."

Nikaziba pua. Kwetu mla samaki alikuwa mtu wa kuchekwa.

"Beleka huko, mzee. Sisi watu ya ngamia. Hapana kula nyoka ya maji."

Hakukasirika. Alichuchumaa, akachora mchangani kwa kidole. Alisema bahari nayo ina malisho: majani madogo mno, jicho haliyaoni, yanaelea juu na kujilisha kwa jua. Vidudu huyala majani, dagaa huvila vidudu, jodari, yule samaki mkubwa, huwala dagaa.

"Na kila anayekula, kingi cha alichokula kinaishia kwenye kuogelea kwake. Mbuzi wako alikuwa akila kutwa nzima, akakupa maziwa bakuli ngapi?"

"Moja," nikasema.

"Basi. Ndiyo maana dagaa ni tele na jodari ni wachache. Wakifa huzama, huozea chini, wakawa mbolea. Upepo wa kusi ukivuma, maji ya chini hupanda na mbolea ile hadi kwenye mwanga, majani yakaota tena." Akanisogezea kikombe. "Jua lililokuwa kwenye maziwa yako ndilo hili, binti. Limepita njia nyingine tu."

Nilimwelewa, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Lakini majirani walikuwa wanatazama, nikaona haya, nikakipiga kikombe teke. Mzee akawaokota dagaa mmoja mmoja, akaenda zake.

Hodan hakumaliza wiki. Siku zetu anazipanga Mungu, watu wameniambia hivyo hadi wamechoka. Lakini mguu ule ulikuwa wangu. Mzee alikuja na wanaume kuchimba kaburi, na hakunikumbusha neno.

Baada ya matanga nilikwenda kwake na bakuli tupu. Akanijazia, nikala dagaa wale mbele ya majirani huku nikilia; nilikula kwa sababu nilikuwa na mimba. Mimba hiyo ni wewe. Mifupa yako imejengwa na kile nilichomnyima dada yako.

Kwa hiyo nisikilize. Mtu unayemdharau akikuletea chakula, usitazame macho ya majirani. Mtazame mtoto wako, kisha nyoosha mkono upokee. Mungu akupe moyo wa kupokea mapema, mwanangu, na asikuonyeshe kaburi dogo kama lile.