Ukoo wa Mtu Mmoja Mjini Roi Et

Mamake bibi harusi alinihesabu mara mbili. Nilimwona. Alisimama mlangoni pa nyumba yake mjini Roi Et, kaskazini mashariki mwa Thailand, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu, akachungulia ndani ya gari, kisha akanirudia mimi. Mimi mwenyewe huhesabu kila kitu mara mbili, kwa hivyo ninaujua uso wa mtu ambaye hesabu yake imekataa kuongezeka. Alikuwa akingoja ukoo. Aliletewa shangazi mmoja na mabegi mawili.

Bwana harusi ni mwana wa marehemu kaka yangu. Alikuwa amefundisha hisabati katika shule moja ya sekondari mjini humo kwa miaka minne, akampata muuguzi mpole mwenye kicheko cha polepole, wakakubaliana kuoana kisha wahamie Nairobi. Mama wa binti hakukataa. Alitoa sharti moja tu: watu wa kijana waje wamwombe binti, na yeye awaone kwa macho yake.

"Nataka kujua ni nani atampokea huko," alikuwa amesema. "Mume asiye na watu ni nyumba isiyo na mlango wa nyuma. Siku moto ukiwaka, binti yangu atatokea wapi?"

Maneno hayo niliyapenda hata kabla ya kumwona aliyeyasema. Kwetu pia ni hivyo. Hata ukiwa na mbuzi wote wa soko la Kiamaiko, huendi kuomba binti wa watu peke yako. Tuliketi Komarock, mtaani kwetu Nairobi, sebuleni kwangu, na wazee sita wakajitolea kusafiri. Nauli ilipotajwa, mmoja akakumbuka mgongo wake. Mwingine akakumbuka mazishi ya mtu ambaye nina hakika alikuwa bado anakula vizuri. Mchango ulipokwisha kukusanywa ulitosha tiketi moja, na mjomba mmoja akaninyooshea kidole. "Aende huyu," akasema. "Huyu hupunguziwa bei hata na daktari." Nimeuza mapazia soko la Gikomba miaka ishirini. Na huyo daktari alikuwa wa meno, na lilikuwa jino moja.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Katikati ya mji wa Roi Et kuna ziwa, na watu hulizunguka asubuhi wakitembea kwa miguu, wakijifanya kwamba hewa inapita. Mimi nilidhani nimeshafika kwenye joto. Kila niliyekutana naye aliniambia, kwa huruma, kwamba joto bado. Joto lenyewe ni la Machi na Aprili. Hili lilikuwa limetumwa tu kuja kupanga viti. Maembe mabichi yalikuwa yameanza kuteremshwa sokoni, mbwa walikuwa wamehamia chini ya magari, na mimi nilikuwa nimebeba sweta, kwa sababu mtu wa Nairobi hubeba sweta.

Jioni ya kwanza tuliketi kwenye mkeka, kila mtu na kikapu chake cha wali wa kunata. Unaukata kwa vidole, unaufinya, unachovya. Nilifinya kama ugali na hakuna aliyenisahihisha. Hapo ndipo bibi harusi alipoanza kunieleza, kwa Kiingereza cha upole, mambo ya Jumamosi. Bwana harusi huja na msafara wake, kwa ngoma, kutoka mwanzo wa mtaa hadi nyumbani kwa binti. Njiani hufungiwa mageti ya mikufu inayovutwa kukinga njia, na watu wake hutoa bahasha na maneno hadi wafunguliwe.

"Lakini usiwe na wasiwasi, shangazi," akasema. "Binamu zangu na majirani watatembea upande wenu. Tutakuazima watu."

Mama aliendelea kula. Hakuniangalia, na ndiyo maana nilijua ananiangalia.

Kwetu tunakodi hema, tunakodi viti, na nimehudhuria harusi ambayo suti ya bwana harusi ilirudishwa kabla ya keki kukatwa. Lakini watu? Kitu cha kuazima hurudishwa. Jumamosi jioni hao binamu wangevuka warudi upande wao, na mama angenihesabu tena, na jibu lingekuwa lilelile. Angemtoa binti yake kwa kuwaonea wageni aibu, si kwa moyo. Na huenda asimtoe. Mpwa wangu alilijua hilo. Hakuwa amemaliza wali wake.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni. Nilitaka kitambaa cha kutengeneza mishipi ya begani, ili hata watu wa kuazima wafanane. Nilimkuta mama mmoja wa rika langu katikati ya majora ya vitambaa, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi. Yeye hakujua Kiswahili wala Kiingereza, nami kwa Kithai nilijua salamu tu. Akachukua kikokotoo, akaandika bei. Nikakichukua, nikaandika bei yangu. Akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ajali. Akaandika nyingine. Nikakunja kitambaa, nikakirudisha, nikaondoka hatua tatu. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, kitu ambacho Gikomba kingenimaliza jina, naye akacheka hadi miwani ikaruka.

Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Akaniletea kiti. Akaniletea maji. Tulipokubaliana, alipima, nami nikapima tena kwa mkono wangu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Ilikuwa sawasawa. Nikalipa. Halafu, bila mimi kufungua mdomo, akakata kipande kingine kirefu, akakitia kwenye mfuko wangu.

Nyongeza. Gikomba nyongeza huipati hadi umtaje mama wa mwenye duka. Hapa imekuja yenyewe, na nikasimama pale kama mtu aliyesukuma kwa bega mlango uliokuwa wazi. Kisha nikakitoa kile kipande, nikakiweka mezani, nikaandika kwenye simu itafsiri: "Kitambaa kimetosha. Naomba nyongeza nyingine. Mwanangu anaoa Jumamosi. Nimetoka mbali, nimekuja peke yangu, na mama wa binti anataka kuona watu. Tembea upande wangu."

Alivaa miwani. Akasoma. Akasoma tena, na nikajua nimepata mtu wa aina yangu. Akaandika: "Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu tumegombana asubuhi nzima na hukuniibia hata kidole kimoja cha kitambaa."

Akaandika: "Saa ngapi?"

Akafunga duka nusu saa, akanishika mkono, akanipeleka kwa rafiki yake anayetwanga saladi ya papai bichi kinuni. Nikanunua papai, nikabishana juu ya pilipili, nikaomba nyongeza. Kutoka kwa papai tukaenda kwa mzee anayeuza mayai ya sisimizi wekundu, ambayo huonekana sokoni joto likikaribia. Nilikula. Mtu aliyekula kumbikumbi utotoni Ukambani hatishwi na mayai. Mzee aliponiona nikitafuna na kuomba punguzo kwa wakati mmoja, alikubali kuja kabla ya kumaliza kuulizwa. Mwuza mishikaki alikataa. Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo. Nilimheshimu. Hata mimi Jumamosi sifungi kwa harusi ya mtu nisiyemjua.

Kufikia Ijumaa walikuwa kumi na mmoja. Nikahesabu tena. Kumi na mmoja.

Mpwa wangu aliposikia alishika kichwa. "Anti, umeenda kununua watu sokoni?"

"Sijanunua. Nilinunua vitu. Watu ni nyongeza."

"Hawakujui."

"Wananijua kuliko wajomba zako. Wajomba zako hawajawahi kuniona nikitoa pesa."

"Anti, mama akigundua ni watu wa soko, tumekwisha."

"Basi tusimfiche," nikasema. "Kasoro ikifichwa ndiyo hushusha bei."

Jumamosi jua lilitoka likiwa limeshakasirika. Tulikutana mwanzo wa mtaa: wale kumi na mmoja, mimi, na bwana harusi ndani ya hariri iliyokwisha kumshika mgongoni. Mama wa vitambaa alikuwa amekesha na cherehani. Kila mmoja alikuwa na mshipi wa kitambaa changu begani, pindo limeshonwa, hata mzee wa sisimizi. Wale binamu wa kuazima walikuja pia, wakatukuta tumejaa, wakajipanga nyuma.

Wapiga ngoma wakaanza. Roi Et wana ukelele wao wa msafara: mmoja anavuta sauti, wengine wanamalizia. Mimi sikuwa nao, lakini nilikuwa na vigelegele vya Ukambani, na nikavitoa vyote. Msafara mzima ukageuka kunitazama. Mama wa papai akajaribu. Kigelegele kikamtoka kama mluzi wa birika, lakini kilitoka. Kufikia nyumba ya tatu walikuwa wakivipiga wote, na watu wakitoka mabarazani na vikombe mkononi kuona ni ukoo gani huu.

Geti la kwanza lilikuwa mkufu wa fedha, umeshikwa na wasichana wawili wa upande wa binti. Walitaka bahasha nono. Mama wa vitambaa akaingia kazini. Sikuelewa neno, lakini nilielewa kila kitu: alipandisha, alishusha, aliwageuzia mgongo. Walipokea bahasha ndogo na peremende, wakashukuru. Geti la pili likabisha zaidi, hadi mama wa papai akasogea akawaambia jambo lililowafanya waangalie miguu yao.

"Amesema nini?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Anasema anawakumbuka wakiiba maembe yake."

Kwenye geti la tatu, la mkufu wa dhahabu, alitoka mama mwenyewe. Wasichana wakampisha. Ngoma zikanyamaza moja moja. Akatembea mbele ya mstari wetu, akihesabu bila haya. Akafika kwa mzee wa sisimizi.

"Huyu huniuzia mayai," akasema, na mpwa wangu akanitafsiria kwa sauti kavu. "Yule huniuzia papai. Yule aliniuzia kitambaa cha nguo hii niliyovaa. Hawa ni watu wa Roi Et. Si watu wako."

Nilimwambia mpwa wangu atafsiri bila kupunguza hata neno.

"Mwambie ni kweli. Ni watu wa mji wake, na nimewapata sokoni. Lakini sikuwaazima. Cha kuazima hurudishwa, na hawa ni nyongeza, nyongeza hairudishwi. Mwambie nimekaa hapa siku nne, sijui hata kuomba chumvi, na nimepata watu kumi na mmoja. Sasa apige hesabu mwenyewe nina wangapi pale nilipoishi maisha yangu yote. Binti yake atatokea kwa milango hiyo."

Alitafsiri. Kisha mama wa vitambaa akasogea mbele, akazungumza kwa kirefu, akinionyesha mimi kwa kidevu.

"Anasema," mpwa wangu akanong'ona, "huyu mwanamke nilimuuzia kwa bei ambayo ndugu yangu hajawahi kuipata, na bado nimekuja kumshonea usiku. Binti yako hataonewa na mtu kwenye nyumba yenye mdomo kama huu."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Nyuma yake mjomba mmoja alikuwa akiangalia saa, kwa maana kuna saa njema ya kuanza, na ilikuwa inakaribia. Lakini mama alikuwa akinitazama mimi, na safari hii hakutazama nyuma yangu.

"Nikija huko Nairobi," akasema, "nitalala wapi?"

"Komarock. Kitandani kwangu. Mimi nitalala sebuleni."

"Wiki mbili," akasema.

"Miezi mitatu," nikasema.

Akashtuka kidogo. "Wiki tatu. Nina kuku."

"Miezi miwili na nusu. Wiki tatu hutakuwa hata umeijua njia ya sokoni."

"Nani atalisha kuku?"

Mzee wa sisimizi akainua mkono. Mama akamtazama kama msaliti, kisha akanigeukia. "Mwezi mmoja."

"Miezi miwili, na ukichoka kuniangalia nitakupeleka kwa yule mjomba wa mgongo, umuulize kwa nini hakuja."

Mpwa wangu alipomaliza kutafsiri, ule uso ukafunguka, na nikajua binti alikopata kile kicheko cha polepole. Tulishikana mikono kwa wiki saba. Mjomba wa saa akakohoa. Wasichana walikuwa bado wameshika mkufu, hawajui kama geti limefungwa au la, hivyo mama akauinua kwa mkono wake mwenyewe, akainama kutoka upande wake nami nikainama kutoka wangu, na tukapita chini yake, wote kumi na mmoja na mimi, na bwana harusi katikati yetu akifuta uso kwa mkono wa hariri.

Bahasha ya geti la dhahabu, ile nene kuliko zote, ilibaki mkobani. Hakuna aliyeiomba, nami sikumkumbusha mtu.